Lifti za magari na mageti ya paking yasizidiwe mzigo: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi umeme. Kazi zangu nyingi ziko kati ya Njiro na Sakina hapa Arusha, na mara mojamoja nateremka Moshi. Maswali haya ni kuhusu udhibiti wa akiba, yaani kifaa cha pili kinachokata umeme wa mota inapozidiwa hata kama kompyuta ya lifti imekosea. Nimeulizwa na wenye hoteli, wasimamizi wa majengo ya ofisi, wenye yadi za magari ya utalii, na walinzi, ambao kwa kweli ndio wanaojua lifti inaumwa nini kabla ya bosi kujua. Nikisema lifti namaanisha ile ya kupandisha gari moja juu, lingine likaegeshwa chini yake. Mkono wa getini, ule unaopanda na kushuka, nao nitaugusa.

Fundi, breka si ipo? Ya nini tena kifaa kingine?

Hili huja kwanza kila nikifungua boksi la umeme mbele ya mwenye jengo. Breka, ile swichi ya umeme inayoruka, ipo, na kazi yake ni kulinda waya. Habari za mota haizijui.

Chukua mota ya kilowati 4 inayozungusha pampu ya lifti, fezi tatu (yaani nyaya tatu za kuleta umeme), volti 400. Ikibeba mzigo iliyoandikiwa kwenye kibati chake, inakula kama ampea 8 hivi. Wakati wa kuanza inavuta mara tano mpaka saba ya hapo kwa muda mfupi. Fundi akiifungia breka ndogo itaruka kila asubuhi, mteja atalalamika, basi anaweka ya 20 na amani inarudi. Sasa siku mota inazidiwa na kuvuta ampea 12, yaani mara moja na nusu ya kiwango chake, breka ya 20 itakaa kimya mpaka unuse harufu. Vanishi inayokinga waya za ndani haifi siku moja. Inakauka polepole, na kanuni ya zamani ya mafundi wa mota ni kwamba kila nyuzijoto 10 juu ya kiwango zinakata umri wake nusu. Ndiyo maana wateja huniambia "mota imeungua ghafla", halafu ukiifungua unakuta koili nyeusi tii, kazi ya miezi.

Kuzidiwa mzigo ni kuzidiwa na nini hasa? Umeme au uzito?

Vyote viwili, na mara nyingi kimoja humleta mwenzake. Gari likiwa zito, presha ya oili inapanda, pampu inakuwa ngumu, mota inavuta umeme zaidi. Lakini mota inaweza kuzidiwa hata bila gari juu: fezi moja imepotea, umeme umeshuka, beringi imekauka.

Kwa hapa kwetu uzito ni jambo la kulisema kwa herufi kubwa. Lifti nyingi za namna hii zimeandikwa kilo 2,000 mpaka 2,700. Aliyezichora alikuwa anawaza gari la mtu wa mjini anayekwenda ofisini na mkoba. Hapa Arusha saa kumi na mbili jioni kinachorudi paking ni Land Cruiser ya safari: chasi imerefushwa, paa la kufunguka, viti saba, friji, tairi mbili za akiba, bampa la chuma, jeki ndefu. Gari hilo kabla halijaguswa na mafundi wa bodi lina tani mbili na ushee. Aina ile ndefu yenye matangi mawili hubeba lita 180 za dizeli, na dizeli ya hivyo peke yake ni kama kilo 150. Dereva amejaza tanki jioni ili alfajiri aondoke na wageni, halafu anakuja kupanda lifti ya kilo 2,000.

Ushauri wangu ni mmoja: peleka gari zito kuliko yote uliyonayo kwenye mizani, likiwa na tanki limejaa na vifaa vyake vyote. Usisome uzito kwenye kadi ya gari. Kadi haijui kuhusu friji.

Udhibiti wa akiba ni kitu gani? Si lifti ilikuja na kompyuta yake?

Ilikuja nayo, na mara nyingi ni nzuri. Inasoma swichi za juu na chini, inasoma presha, inaiambia kontakta, yaani swichi ya umeme inayoipa mota umeme, iwashe au izime. Shida ni pale yenyewe inapokosea, au inapotoa amri na amri isitekelezwe.

Nitasimulia moja. Kuna jengo, silitaji, ambako mlinzi aliniita usiku kwamba lifti inaunguruma haikomi. Gari limefika juu, swichi ya juu imebonyezwa, kompyuta imetoa amri ya kuzima, taa yake inaonyesha imezima. Mota inaendelea. Oili inapita kwenye valvu ya kupunguza presha ikipiga kelele, na tangi la oili linachemka. Nilipofika nikazima swichi kubwa. Kufungua kontakta, meno yake ya kupitishia umeme, mawili kati ya matatu, yamenatana kama yamechomelewa. Kompyuta ilifanya kila ilichofundishwa, ila mkono wake ulikuwa umeganda.

Na kwenye boksi lile kulikuwa na kifaa cha akiba! Rilei, yaani kifaa kinachopima na kutoa amri ya kukata, nzuri tu, ya bei. Iligundua mota imezidi muda, ikatoa amri ya kukata. Ilimpa amri nani? Kontakta ileile.

Kwa hiyo nikikagua akiba natafuta vitu vitatu. Iwe na jicho lake, yaani sensa yake isiyo ya kompyuta. Iwe na umeme wake, usiotoka kwenye paua saplai moja na kompyuta. Na iwe na mkono wake: kontakta ya pili ambayo umeme unaipitia kabla ya kufika ile ya kwanza, ili moja ikinata nyingine ikate. Kikikosekana kimoja, umenunua taa ya kuangalia lifti ikiharibika.

Jambo la nne ni dogo lakini usilisahau. Rilei ya akiba ifungwe kwa namna kwamba ikiwa nzima inashikilia kontakta, na ikikosa umeme au ikifa inaiachia. Ukifunga kinyume, siku ikifa hutajua.

Jicho la akiba liwe lipi?

Mimi napenda mashahidi wawili wasiojuana. Kompyuta ya lifti husoma presha ya oili. Basi akiba yangu naipa sensa za ampea, vile vidude vya duara vinavyopitishwa kwenye waya za mota. Presha ikidanganya kwa sababu bomba la sensa limeziba uchafu, ampea hazitadanganya. Kama lifti yako ni ya minyororo na haina oili, weka sensa za uzito chini ya nguzo, tena kila kona, kwa sababu gari la safari limelemea nyuma. Uzito wote unaweza kuwa halali huku kona mbili za nyuma zinalia.

Rilei ya joto ninayo, ile ya kawaida yenye kitufe chekundu. Haitoshi?

Kwa mkono wa getini, inatosha sana. Kwa lifti, naiacha iwepo ila siitegemei peke yake. Ile ya kawaida ina vipande vya metali mbili vinavyopinda vikipata joto, kwa hiyo jua likipiga boksi mchana inaruka mapema, na asubuhi ya Julai inachelewa. Ya kielektroniki inapima ampea zenyewe na kupiga hesabu ya joto la mota, ikikumbuka kwamba dakika tatu zilizopita mota ilikuwa inafanya kazi. Mlinzi anayepandisha magari sita mfululizo anaipasha mota joto kwa awamu, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayomkamata.

Chagua daraja la 10. Maana yake, mota ikikwama kabisa ikavuta mara 7.2 ya ampea zilizowekwa, rilei ikate ndani ya sekunde 10. Daraja la 20 na la 30 ni za mashine zinazochukua muda mrefu kushika kasi, kama mafeni makubwa. Pampu ya lifti haihitaji huruma hiyo.

Cha maana zaidi ni fezi. Moja ikipotea mota inazunguka, mbili zilizobaki zinabeba karibu mara 1.7 ya kawaida. Ikipotea mota ikiwa imesimama ndiyo mbaya kuliko: ukibonyeza inanguruma bila kuzunguka, na mtu hubonyeza tena na tena akidhani kitufe ndicho kibovu. Ya kielektroniki hulijua hilo ndani ya sekunde chache na kukata.

Namba ya ampea niweke ngapi?

Iliyoandikwa kwenye kibati cha mota. Usiongeze "kidogo ya usalama". Kuongeza ndiyo kuondoa usalama. Kama mota inawashwa kwa sta-delta (inaanza kwa muungo wa nguvu ndogo, sta, kisha inahamia wa nguvu kamili, delta) na rilei imekaa ndani ya mzunguko wa delta, zidisha namba ya kibati kwa 0.58. Nimekuta mota za ampea 15 ambazo rilei imewekwa 15 pale, wakati ilitakiwa 8.7, na mwenyewe anajisifu hajawahi kuona rilei ikiruka.

Kile kitufe cha kuzungushia namba kipigwe lakiri. Bisibisi ndogo ziko mifukoni mwa watu wengi.

Umeme ukishuka jioni, lifti inapanda kwa kujikongoja. Ni hatari?

Ni hatari kwa mota. Nguvu ya kuzungusha ya mota za aina hii hufuata mraba wa volti. Volti 230 ya kila fezi ikishuka kuwa 195, umebaki na asilimia 85 ya volti lakini asilimia 72 tu ya nguvu. Gari halijapungua uzito kwa sababu umeme umepungua, kwa hiyo mota inapunguza kasi na kuvuta ampea zaidi kufidia.

Akiba ikate ikiona chini ya 195 kwa sekunde kadhaa, au juu ya 253. Nasema sekunde kadhaa kwa sababu kila mota kubwa ya jirani ikiwaka, volti hudondoka kidogo na kurudi. Ukiweka ikate papo hapo utachukiwa na jengo zima.

Na umeme ukirudi baada ya kukatika, isiwake yenyewe. Hata hapo mtu akibonyeza, lifti ya kwanza isubiri dakika tatu laini itulie, na zinazofuata zipishane kwa nusu dakika. Dakika za mwanzo umeme unaporudi, friji na pampu zote za mtaa zinaanza kwa pamoja, na volti inacheza.

Tuna jenereta ya kVA 20. Mota ni kilowati 4 tu, si inabaki nyingi?

Inabaki mota ikishazunguka. Ile ya ampea 8 ikianza moja kwa moja kwa mara sita, ni ampea 48, na kwa volti 400 za fezi tatu hiyo ni kama kVA 33 kwa kitambo. Jenereta yako itainamisha kichwa, taa zitafifia, kontakta zitatetemeka, na kontakta inayotetemeka ndiyo inayonata meno. Unarudi kwenye hadithi ya usiku ule.

Dawa ni mbili: kifaa cha kuwasha mota taratibu, na ratiba. Jenereta ikishika, akiba iruhusu mkono wa getini na taa kwanza, lifti moja baadaye, na isikubali lifti mbili kwa wakati mmoja hata wageni wakipiga honi.

Umeme ukikatika gari liko juu, litaanguka?

Lifti iliyotengenezwa vizuri haishikwi na umeme ikiwa juu. Inakaa kwenye ndoano za chuma, na valvu ya kuzuia oili isirudi iko kwenye silinda yenyewe. Umeme unahitajika kuzifungua ndoano hizo.

Weka betri ya akiba kwa ajili ya sakiti ya volti 24 tu, sensa na taa ya tahadhari, ili mfumo ukumbuke ulikuwa unafanya nini. Usijaribu kuendesha mota kwa betri hiyo. Na tafadhali, mgeni anayewahi ndege KIA asikufanye umruhusu mtu kulegeza nati ya bomba ili gari lishuke. Kuna mpini wa dharura wa kushushia. Kama hujui ulipo kwenye lifti yako, leo jioni utafute.

Moshi na Arusha kuna tofauti yoyote?

Ipo. Kibati cha mota kimeandikwa kwa matumizi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na joto la hewa la nyuzi 40. Arusha mjini tuko kama mita 1,400, hewa ni nyepesi na haipoozi mota vizuri sana, lakini baridi yetu inafidia. Moshi iko chini ya mita 1,000 na joto lake ni la kweli, hasa Februari, kwa hiyo kule naangalia zaidi boksi limekaa wapi. Boksi la chuma linalotazama magharibi bila kivuli ni oveni.

Kinachotusumbua Arusha ni oili asubuhi za Juni na Julai. Inakuwa nzito, ampea za gari la kwanza zinapanda, akiba inakata, kisha gari la pili linapita bila tatizo. Kabla hujaongeza namba ya rilei, uliza ni oili gani iliyomo. Ikiwa ni namba 68, badilisha uweke nyepesi zaidi ambayo kitabu cha lifti kinairuhusu.

Vumbi la kiangazi na radi za masika, weka vichujio na kinga ya radi. Hilo halina mjadala.

Mkono wa getini nao unahitaji yote haya?

Hapana. Mota yake ni ndogo. Adui yake ni watu: mlinzi anaushika na kuusukuma kwa mkono, bodaboda anapita chini yake ukishuka, dereva anaugonga kwa reki ya juu ya gari. Kidhibiti kinachosoma ampea kikiona zimeruka ghafla, kirudishe mkono juu. Ongeza jicho la mwanga, yatosha.

Inakata mara kwa mara. Fundi mmoja ametuwekea waya wa kuruka, sasa iko sawa.

Haiko sawa. Huo waya umeinyamazisha. Nimeona kijiwaya cha bluu cha sentimita kumi, kimefungwa vizuri kabisa, kimezima vifaa vya mamilioni. Ndiyo maana ninapofunga akiba naiweka kwenye boksi lake lenye ufunguo, na kitufe cha kuirudisha kinahitaji ufunguo pia. Mlinzi apewe taa mbili: ya njano, maana yake subiri mota ipoe, akiba itajirudisha yenyewe, na nyekundu, maana yake piga simu. Asipewe kitufe cha kuamua, kwa sababu saa mbili usiku akizungukwa na madereva wanne wenye haraka, mwanangu yule atabonyeza tu. Hata mimi ningebonyeza.

Kila kukata kuandikwe kwenye daftari: saa, gari gani, taa gani. Vifaa vingi vya kielektroniki huhifadhi matukio ya mwisho na ampea zilizokuwepo, lakini havijui namba ya gari.

Tupime mara ngapi, na vipi?

Kila mwezi, dakika kumi. Bonyeza kitufe cha majaribio mota ikizunguka bila gari, uone kontakta ya pili inaachia, si taa kuwaka tu. Kila miezi mitatu fundi azime umeme, atoe fyuzi ya fezi moja, awashe, na kuhesabu sekunde mpaka akiba ikate. Mara moja kwa mwaka pimeni kwa uzito unaojulikana. Mifuko ya mchanga iliyopimwa kwenye mizani ni bora kuliko "lete ile Prado".

Nani anaruhusiwa kufunga?

Fundi au mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linalolingana na kazi hiyo. Na kwa kuwa lifti ni kifaa cha kunyanyulia kilicho mahali pa kazi, OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wanahusika na ukaguzi wake. Omba mchoro wa sakiti mpya ubaki ndani ya mlango wa boksi. Fundi anayeondoka na mchoro kichwani amekuoa.

Tunataka kuweka chaja za magari ya umeme palepale paking.

Karibuni, ila zihesabiwe. Chaja ya ukutani ya ampea 32, fezi moja, ni kama kilowati 7.4, na inavuta hivyo kwa saa nyingi bila kupumua, tofauti na lifti inayofanya kazi dakika moja. Tatu zikiwekwa kwenye fezi ileile ni ampea 96. Zigawanywe kwenye fezi tatu, na kidhibiti kipime umeme wote unaoingia jengoni ili kipunguze chaja pale lifti inapotaka kupanda. Chaja ikipunguzwa dakika moja, gari halitajua.

Akiba yetu inakata usiku tu, mchana haina shida. Tumebadilisha rilei mara mbili.

Niliitwa kwa shida hii upande wa Moshi. Taa nyekundu, ujumbe kwamba kontakta ya kwanza imenata. Nikaifungua, meno safi. Mchana inafanya kazi siku nzima, ikifika saa nne usiku inagoma.

Mfumo hujua kontakta imeachia kwa kupitia kijimeno kidogo cha pembeni kinachojifunga pale ile kubwa inapofunguka. Kijimeno kisipojifunga, akiba inadhani kubwa imenata, na inakataa kuwasha. Nikakaa na mlinzi na tochi mpaka saa nne na nusu. Mjusi akaingia kwa tundu la waya lililokosa gilandi, yaani kizibo kinachobana waya, akapanda taratibu kwenye kontakta iliyokuwa bado na joto la jioni, akajibanza ubavuni, mkia ndani ya kijimeno. Asubuhi boksi likipoa alikuwa anaondoka zake.

Tulimtoa kwa kipande cha kadibodi, tukaweka gilandi ya shilingi chache, na rilei zile mbili walizozitoa tukawarudishia wenyewe. Zote zilikuwa nzima.